Shoka Kuukuu Sokoni: Ni Lile Lile, na Ni la Nani?

Katika vijitabu vyetu tumezoea kuandika juu ya mahari, mazishi, ngoma na kutawazwa kwa bami. Safari hii tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya chuma. Mwenye kupita katika masoko yetu, iwe Sake, Kitchanga, Nyabiondo, Mubi, au Virunga pale mjini Goma, anawajua wale wanaotandika gunia au shitingi chini na kupanga vitu vya okazyo: kufuli bila funguo, pasi ya makala, mnyororo wa baiskeli, sahani za enameli zilizobanduka. Katikati ya vitu hivyo mara nyingi mna shoka. Lina kutu, mpini umevunjika au haupo, na muuzaji anakuambia hata kabla hujauliza: "Papa, hii iko ya zamani, ya wakati wa Babeleji. Hii haiishake." Ukilikataa, huenda likapimwa kwa kilo pamoja na mitraye nyingine na kupakiwa ndani ya lori.

Kati yetu wapo waliopata hamu ya kuyanunua mashoka haya, kuyatoa kutu, kuyatia mipini na kuyarudisha kazini, au kuyatundika ukutani sebuleni. Hatuwalaumu, sisi wenyewe tumo. Chuma cha zamani kikienda kwa kilo kimepotea kabisa, na pamoja nacho umepotea mkono wa aliyekifua. Lakini kazi hii ndogo inafungua swali kubwa, ambalo walimu wa falsafa katika seminari na vyuo wanalifundisha kwa mfano wa mashua, na ambalo hapa kwetu lina uzito mwingine.

Plutarch aliandika kwamba Waathene walihifadhi mashua ya shujaa Theseus kwa muda mrefu sana, wakitoa mbao zilizooza na kuweka mpya, hata wenye hekima wakabishana: ni mashua ile ile, au ni nyingine? Thomas Hobbes, Mwingereza wa karne ya 17, akaongeza uchokozi: kama kuna mtu aliyekuwa akiziokota zile mbao kuukuu na kuziunga tena kwa mpango wake wa kwanza, mashua ya kweli ni ipi? Wazungu wana pia mzaha wa shoka la babu. Mpini umebadilishwa mara tatu, kichwa mara mbili, na mjukuu bado anaapa kwamba ni shoka lile lile la babu. Watu wanacheka, wanamaliza chai, wanarudi nyumbani.

Kwetu kurudi nyumbani si jambo jepesi hivyo. Tuseme mama mmoja alikimbia kijiji chake mwaka 2012, akarudi 2014 akakuta nyumba imevuliwa mabati na jikoni hamna kitu. Siku ya soko anapita mbele ya shitingi, anasimama. "Hii njo shoka ya bwana yangu." Muuzaji anajibu: "Mama, mupini iko mupya, na hii chuma niliuziwa na mutu wa mbali." Hapo swali la Waathene limefika sokoni kwetu. Mama akisema ni lile lile, anadai mali yake na ya marehemu. Muuzaji akisema ni jingine, anatetea chakula cha watoto wake. Na wazee wakiitwa kuamua, watauliza jambo moja tu: nini kimebaki juu ya chuma hiki ambacho mama anaweza kukitaja kabla hajaonyeshwa?

Ndiyo maana tunasema kwamba swali la kama shoka ni lile lile halijibiwi kutoka upande wa mnunuzi peke yake. Mwenye kulitengeneza ameshika mkononi, pamoja na tupa yake, ushahidi wa mtu mwingine.

Basi tuanze kwa kutambua, kwa sababu mtu hawezi kuheshimu asichokiona. Mashoka ya masoko yetu ni ya koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa wahunzi wetu. Kichwa hakina tundu. Nyuma ya bapa mna mkia uliochongoka, na mkia huo unapenya katika kifundo cha mpini, pale mti uliponenepa, mara nyingine ukitokea upande wa pili. Kila pigo linazidi kuukaza. Ukoo wa pili ulikuja na wakoloni na maduka: kichwa kizito chenye tundu, mpini unapita ndani yake na kukazwa kwa kabari. Katika mashavu ya shoka la namna hiyo mara nyingine utakuta alama ya kiwanda, jina la mji wa mbali kama Sheffield au Remscheid, au namba ya uzito. Ukoo huu ulienea wakati wa mashamba makubwa, baada ya Comité National du Kivu kuundwa mwaka 1928 na ardhi kugawiwa walowezi, misitu ya milima ya Masisi ikaanza kugeuka malisho, chai na pareto.

Kuna na machotara. Mhunzi anachukua resori ya lori, anaikata, anaikunja juu ya chuma cha mviringo ili apate tundu, anaifua mpaka pande mbili zishikane. Ukitazama vizuri utaona mstari mwembamba pale zilipokutana. Muuzaji atakuambia ni la Babeleji. Si la Babeleji. Ni la lori. Lakini usilidharau, maana resori ni chuma kikali chenye uvumilivu, na mashoka mengi yanayochonga chukudu zetu yametoka huko. (Goma iliijengea chukudu sanamu mwaka 2009, shoka lililoichonga bado linangoja sanamu yake.)

Jambo la tatu la kutazama ni namna kutu inavyokula. Chuma kilichoyeyushwa kienyeji kutoka kwenye mawe kina nyuzinyuzi. Kutu inafuata nyuzi hizo, hata uso wake unafanana na ubao uliopigwa na mvua miaka mingi. Chuma cha kiwandani kinaliwa kwa mashimo madogo madogo yaliyosambaa. Ukipata kichwa chenye mkia na nyuzi kama za mti, weka tupa chini kwanza. Ujuzi wa kuyeyusha hivyo umekwisha karibu kila mahali katika nchi za Maziwa Makuu. Ng'ambo ya Rwanda, kwa Wahaya wa Tanzania, katika miaka ya 1970 wazee walioombwa na mtafiti Peter Schmidt walijenga tena tanuru la aina ambayo ilikuwa imeachwa kwa miongo mingi, na chuma kikatoka. Kile walichorudisha wale wazee ni kitendo. Sisi tumebaki na vitu bila wazee wa tanuru, na vitu hivyo ndizo kurasa tulizo nazo.

Halafu kuna shoka lililoungua. Hili tunaomba msomaji alikae nalo kidogo. Makali ya shoka zuri yamekazwa kwa moto na maji: ukipitisha tupa juu yake inateleza kama juu ya kioo. Lakini chuma kikilala katika moto mkubwa na kupoa polepole, ugumu unaondoka. Tupa inauma makali kama inavyouma msumari. Uso unakuwa na magamba ya kijivu, na ndani ya tundu mnabaki makaa ya mpini. Kichwa cha namna hiyo kinaweza kuwa kilikuwa ndani ya nyumba iliyoungua. Goma iliunguzwa na Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, na mitaa ya kaskazini tena tarehe 22 Mei 2021. Vijiji vya Masisi na Walikale vimeunguzwa na watu, tangu vita vya 1993 vilivyoanzia upande wa Ntoto, mara nyingi mno kuhesabu hapa. Tusifanye haraka, lakini: wengine wanatupa kichwa motoni kwa uvivu tu, ili kutoa kisiki cha mpini uliovunjika. Hata hivyo shoka lililoungua linastahili swali moja zaidi kwa muuzaji kuliko shoka lenye kutu ya kawaida.

Mwisho, mpini, kama umebaki. Mpini unasema mengi kuliko chuma. Mahali mkono ulipoteleza pameng'aa. Unajua kama mwenyewe alitumia kushoto, kama alikuwa mrefu, kama alikata miti au alipasua kuni tu. Kuna mipini iliyofungwa kamba ya mpira pale ilipopasuka, na namna ya kufunga ni kama mwandiko wa mtu. Mjane anayesema "njo yake" huenda hajui lolote juu ya Sheffield. Anajua ile kamba.

Katika Walikale jambo hili si geni kwa wenye masikio. Utenzi mkubwa wa Banyanga juu ya Mwindo, ambao Daniel Biebuyck aliurekodi mwaka 1956 kutoka kwa mzee Candi Rureke na kuuchapisha pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969, unamzaa shujaa akiwa tayari ameshika vitu mkononi: usinga wa conga na chombo cha makali, shoka dogo (wengine wanafasiri tezo). Baadaye wajomba wake, ambao ni popo na wahunzi, wanamvika chuma mwili mzima. Sisi tunasoma hapo fikira moja nzito: chombo hakimwangukii mtu kutoka hewani. Anazaliwa nacho au anafuliwa na ndugu wa mama yake. Kuuliza "chuma hiki kimetoka kwa nani" ni sehemu ya kukitumia. Soko la okazyo limekata uzi huo. Shoka linafika bila mjomba.

Sasa tuje kwenye kutengeneza. Mtindo unaopendwa siku hizi ni wa kung'arisha: mtu anakwenda kwa wenye kuunganisha vyuma, wanalisaga shoka kwa mashine mpaka linakuwa kioo, halafu vanishi, halafu ukutani. Kwa dakika kumi alama ya kiwanda imefutika, nyuzi zimefutika, alama za nyundo ya mhunzi zimefutika, na ule mkwaruzo ambao mtu angeweza kuutaja mbele ya wazee umefutika pia. Mashine ikichemsha makali mpaka yanageuka rangi ya samawati, ugumu nao umekwenda, hata kama kazi nayo unaijali kidogo. Sisi tunaona kwamba hiyo haistahili kuitwa kutengeneza. Ni kulifanya shoka lianze maisha upya bila wazazi. Na yule mwingine, anayezika shoka jipya udongoni na kulimwagia chumvi ili aliuze kwa wageni kama la kale, ni ndugu yake wa karibu: mmoja anafuta historia, mwingine anaitunga.

Inawezekana kufanya kazi nzuri kwa njia ya polepole. Kutu nyekundu inayobanduka inaondoka kwa kipande cha tofali, majivu na maji ya ndimu, kisha unakausha vizuri kwenye joto dogo na kupaka mafuta. Mawese ya Walikale yanafaa kwa muda, ila yanachacha na kunata, inabidi kupaka tena. Rangi nyeusi iliyoshikamana na chuma iache, ni ngozi yake, inakilinda. Kisiki cha mpini unakitoa kwa kukitoboa na patasi. Wazee waliolazimika kutumia moto walizika makali katika udongo wa maji na kuacha tundu peke yake juu ya makaa. Kwa shoka la mkia, mhunzi anapasha mkia tu, bapa limefungwa kitambaa cha maji, na mkia wenyewe unajitobolea njia katika kifundo cha mpini mpya kwa moshi na harufu. Mti: mpera ni mzuri, mbuni ni mzuri, mkaratusi ukikauka polepole kivulini unavumilia. Unanoa makali tu, upana wa vidole viwili. Mashavu huyagusi.

Mtu atatuuliza: mnaona wizi kila mahali? Si kila shoka la sokoni limeporwa. Ni kweli, na tena kuna jambo gumu zaidi. Katika kambi zilizozunguka Goma, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na nyinginezo, ambazo zilivunjwa Februari 2025, watu walikuwa wakiuza vyombo vyao wenyewe ili wapate unga. Mwenye kununua shoka kwa mama wa kambi alimsaidia. Kama sote tungekataa kununua kwa kuogopa mali ya wizi, yule mwenye njaa ndiye angelala na shoka lake bila chakula. Hatuna jibu linaloondoa uzito huo. Tunasema tu kwamba kuuza kwa njaa si sawa na kuuza kwa hiari, na kwamba mnunuzi mwenye utu anaweza kununua huku akimwambia muuzaji: "Mama, ukirudia nguvu, iko kwangu." Wazee walikuwa na mazoea ya rehani, neno kukomboa lipo katika lugha yetu kwa sababu jambo lilikuwepo.

Sheria nayo ina maneno yake. Kodi ya Napoléon ya 1804, ambayo Wabeleji waliirithi na ambayo fikira zake ziliingia katika sheria zetu, ilisema hivi kwa vitu vya kubebeka: aliyenacho mkononi huhesabiwa mwenyewe, aliyeibiwa au kupoteza anaweza kudai kwa miaka mitatu, na kama mshikaji alikinunua sokoni kwa imani njema, mwenyewe anamrudishia bei aliyolipa. Jambo hili la mwisho tunalipenda. Linamlinda muuzaji na mnunuzi bila kumfukuza mwenye mali, na wazee wetu wengi wangekata shauri hivyo hivyo. Lakini miaka mitatu! Aliyeandika hivyo alifikiri juu ya mtu aliyeibiwa na ambaye amebaki nyumbani kwake. Watu wa Bashali, wa Osso-Banyungu, wa Bakano, wa Wanianga, wamekuwa wakikimbia na kurudi tangu 1993. Kitchanga ilitekwa Januari 2023, Masisi-centre Januari 2025, Walikale-centre Machi 2025 kwa majuma mawili. Mtu anaweza kukaa nje ya kijiji miaka sita, saba, bila hata kujua kwamba shoka lake limepotea. Muda wa kudai unapaswa kuhesabiwa kutoka siku anaporudi. Kwa mahakama hatuna la kuamuru, ila kwa dhamiri zetu wenyewe hesabu hiyo tunaweza kuishika.

Kuna jambo ambalo linasemwa kwa sauti ya chini. Shoka linakata miti, lakini katika miaka ile lilikata na watu. Wengine wanataka chuma cha aina hiyo kitupwe mtoni, wengine wanasema chuma hakina dhambi. Mwenye kuuza hasemi, mwenye kununua haulizi. Sisi tunaona kwamba kama jambo linajulikana, mnunuzi hana ruhusa ya kuamua peke yake, hata kama amelipa. Walioumizwa ndio wenye neno la kwanza, na kama wanataka lizikwe, lizikwe. Kulitundika sebuleni kama pambo, hapana.

Tuseme na hili, linaloweza kuudhi. Mwaka 2022 Ubeleji uliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyoko katika jumba la Tervuren, na mwezi Juni mwaka huo mfalme Philippe akaleta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na muda. Wengi wetu tulisema, na kwa haki, kwamba mkopo wa kitu chako mwenyewe ni neno la ajabu. Tuliwaambia Wabeleji: mlinunua, sawa, lakini mlinunua kwa nani, na yule aliyeuza alikuwa na uhuru gani wa kukataa? Maswali hayo hayo yanatutazama juu ya shitingi. Tofauti ni bei tu, na kwamba mwenyewe hakai mbali na bahari katikati. Labda anakaa mtaa wa pili.

Kwa hiyo tumeanza desturi ya daftari. Kila kichwa cha shoka kinacholetwa kwetu kinalazwa juu ya karatasi na kuchorwa kando kando kwa kalamu, pande mbili, kabla ya tofali na ndimu. Tunaandika soko, siku, bei, na maneno ya muuzaji kama alivyosema, hata kama tunajua ni uongo, maana uongo nao una asili yake. Alama na mikwaruzo tunaichora. Kipande cha mpini wa zamani hatukichomi. Kinafungwa kwa kamba na kuwekwa katika gunia chenye namba ya ukurasa. Mwenye kuja kudai anaeleza kwanza, ndipo anaonyeshwa. Majina ya wenye kuuza hatuyaandiki, kwa sababu daftari katika nchi hii linaweza kusomwa na mtu asiyefaa.

Inabaki ile hila ya Hobbes, ambayo kwetu si hila. Mhunzi wa kijijini ananunua shoka lililopasuka, analitia motoni, anatoa jembe. Chuma ni kile kile, kitu ni kingine. Akija mtu akasema chuma hicho kilikuwa cha baba yake, jembe ni la nani? Tulipolijadili jambo hili wengi walisema mhunzi anabaki na jembe, kwa sababu jasho ni lake, lakini mwenye chuma anakula mavuno ya kwanza au anapewa bei ya kilo. Wachache walisema hapana, chuma cha baba ni cha baba hata kikiwa sindano. Hatukukubaliana, na ukurasa ule wa daftari tumeuacha wazi.